Mgonjwa Niliyemtembelea kwa Kalamu

Iko siku moja ya masika ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Umenilazimisha wewe. Jana ulikuja hapa kwangu mtaa wa Lizaboni na fomu yako ya fildi, ya mafunzo kwa vitendo, ukanitupia shikamoo ya haraka, ukasema, "Babu, wewe ni katekista mstaafu, saini tu hapa kwamba nilitembelea wagonjwa wiki tatu. Wenzangu wote wameshasainiwa." Wiki hizo tatu nimekuona kila siku kijiweni na bodaboda. Sisaini, na usininunie. Kaa usikilize.

Hivi nyinyi mnaosomea kazi ya Mungu mna nini? Mtihani mnaufungua kwa sala, mkisema amina tu, majibu mnayachungulia kwenye simu iliyofichwa ndani ya kitabu cha nyimbo! Mnanichosha. Tena mchovya asali hachovyi mara moja. Ningekucheka, lakini nyani haoni kundule, na mimi langu nilionyeshwa mbele za watu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha makatekista. Tukatumwa vigangoni, kwenye yale makanisa madogo ya vijijini. Mimi nikapangiwa Mpitimbi, nikapewa orodha ya wagonjwa saba wa kutembelea na kuwaandikia ripoti. Mvua ilikuwa hainyamazi, njia yote tope. Basi nikajibanza kwa mjomba wangu hapa mjini, nikawa nakula ndizi zake, na ripoti nikaiandika yote nikiwa kitandani. Nilikuwa na mwandiko mzuri, mwanangu, ndio ulioniponza. Kwa Mzee Leonsi, aliyekuwa akiumwa kifua, niliandika: "Nimesali naye. Anakula vizuri. Kwa sasa hana haja ya padre." Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza ili nionekane mtu makini. Nikapata alama za juu kuliko wote.

Kumbe ripoti zetu hazikuishia kwa mwalimu. Paroko, padre wa parokia yote, naye alizisoma ili ajue aanzie kwa nani, maana alikuwa peke yake na vigango vilikuwa vingi. Aliposoma yangu, Mzee Leonsi akamweka mwisho kabisa.

Haukupita muda mrefu, paroko akanichukua twende Mpitimbi kwenye mazishi. Njiani ndipo akaniambia aliyefariki ni Mzee Leonsi. Tulipofika, akanipeleka kwa mjane, Mama Otilia, akamwambia kwa wema kabisa, "Mama, huyu ndiye kijana aliyesali na mzee."

Yule mama akanitazama, akamgeukia paroko.

"Baba Paroko, huyu simjui. Tuliambiwa kanisani kuna mwanafunzi anakuja. Mume wangu akawa ananiambia kila asubuhi nimvalishe shati lake jeupe. Jioni namvua. Alikuwa anaomba komunyo mpaka sauti ikakata."

Kisha akanigeukia mimi. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Mwanangu, ungeandika tu kwamba hukuja. Padre angekuja mwenyewe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nilimlilia mzee ambaye hata sura yake sikuwahi kuijua. Chuo kilinirudisha mwaka mzima. Nilistahili zaidi ya hapo.

Sasa unanielewa? Unadhani unamdanganya mwalimu, na mwalimu atakula, atalala. Anayeumia ni yule aliyevalishwa akakungoja. Hukusoma? Acha karatasi tupu, ushindwe kama watu wengine. Hukwenda? Kesho rudi chuoni, mwambie mkuu wa chuo kwa mdomo wako kwamba hukwenda. Ndiyo, watakurudisha mwaka, na mama yako atalia, nami nitakwenda kumbembeleza. Mficha uchi hazai. Ukishakiri, chukua ile orodha uliyopewa, uende kwa wagonjwa wale mmoja mmoja, hata kama hakuna atakayekupa alama. Anza na aliye mbali zaidi, kwa sababu huyo ndiye anayerukwa na kila mtu.

Haya, inuka. Mungu akupe ujasiri wa kusema "sikwenda," akulinde njiani, na akufikishe kwa kila anayekungoja angali hai.