Taipu ya Marehemu wa Naro Moru

Naro Moru nzima ilijua kwamba ile nyumba ya mawe ina wenyewe, na kwamba wenyewe hawakutoka hata walipozikwa. Walikuwa Wazungu wawili, mtu na dada yake, waandishi wa vitabu, waliofariki kabla ya Uhuru. Sasa jioni jioni taipu yao ilisikika ikilia. Watu wakasema marehemu wanamalizia kitabu.

Marehemu gani! Alikuwa Wachuka, mfagiaji wa nyumba hiyo, mjane mwenye wajukuu. Alikuwa ameanza ngumbaru, ile shule ya watu wazima, kwa siri kama mtu anayekunywa chang'aa. Katika kikundi cha akina mama kanisani yeye ndiye aliyeshika Biblia na kuwasomea wenzake, kumbe mistari yote ameikariri. Basi watu wakidhani ameshaenda kwake, alifunga mapazia akajifunza herufi kwenye taipu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wachuka alificha, akazaa balaa.

Jioni moja mlinzi mpya, Mzee Ngatia, aliisikia taipu. Akatimua mbio, akaangukia ua wa michongoma, na kazi akaiacha. Mwanzo watu walimcheka, kisha wakamwogopa: ati mashetani yamemwingia. Akinunua chumvi, mwenye duka alimwekea mezani, asije akamgusa mkono.

Ndipo kikundi cha akina mama kikamleta kwenye ile nyumba ya mawe kuombewa. Wakampigisha magoti mbele ya taipu.

"Mama Kingori, weka mkono pia," Warigia, kiongozi wao, akamwambia Wachuka. "Wewe umeishi na hizo vitu na hazijakugusa. Uko na imani."

Wachuka akaweka mkono juu ya upara wa mzee. Ulikuwa umelowa jasho. Ngatia alikuwa akilia na kutubu dhambi ambazo hakuna aliyemwuliza, hata za utotoni. Wachuka aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Ardhi ingepasuka, angeingia.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa najifunza kusoma."

Akina mama wakashusha mikono. Ngatia hakuwatazama wao. Alimtazama Wachuka, bado yuko magotini.

"Hiyo siku nilianguka kwa miiba," akauliza, "uliskia nikiita?"

"Niliskia."

"Ukafanya nini?"

Uongo ulikuwa karibu, na wote wangeupokea kwa shukrani.

"Nilicheka, Mzee," Wachuka akasema. "Halafu nikaendelea kupiga taipu."