Mpemba wa Kijenge

Faudhia alizaliwa Kijenge, Arusha, lakini kwa kuwa babu yake alitoka Pemba, mtaa mzima ulimwita Mpemba, naye akajifanya bingwa wa bahari. Katika safari ya kwenda harusini Unguja, wakiwa bandarini Dar kwenye joto la kukausha mate, alimcheka jirani yake Tekla, mama yake Hans, Mmeru wa Akheri kule mlimani, kwa kubeba sweta.

"Bahari niachie mimi, Mama Hans."

Katikati ya maji radi zikapiga, boti ikayumba, Faudhia akatapika huku akimlilia mama yake. Tekla, ambaye bahari ndiyo alikuwa anaiona mara ya kwanza, alimfunika kwa lile sweta mpaka wakafika.

Waliporudi Kijenge, Tekla hakumsimulia mtu. Bado anamwita Mpemba, bila hata kutabasamu, na Faudhia hutamani ardhi ipasuke immeze.