Siku Nilipoangua Kilio Guta

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Nimeikumbuka siku hiyo leo kwa sababu jirani yetu hapa mtaani Kamunyonge amepitisha ndama langoni, na ile harufu ya maziwa na samadi ikanirudisha utotoni.

Nilikuwaga mtoto wa kunong'ona. Kule kijijini Guta, kwa babu, nilimlea ndama kwa chupa tangu mama yake afe. Siku hiyo mnunuzi alipomfunga kamba ili aondoke naye, niliangua kilio. Kwetu ukilia, unalia peke yako. Ukiangua kilio, unaita watu.

Wakaja! Wanawake waliacha pamba shambani, wakajifunga kanga viunoni, wakaingia uani wakilia kwa sauti. Bibi mmoja alikuwa ameshabeba kuni za msiba.

"Mzee, nani katutoka?" akamuuliza babu.

Babu akaona aibu. "Hakuna mtu. Huyu mjukuu anamlilia ndama."

Halafu yule bibi akatupa kuni chini, akacheka mpaka akakaa. "Haya, sisi tumeshalia. Sasa mzee utamuuzaje marehemu wetu?"

Uani kote kicheko! Mnunuzi hakucheka. Alifungua kamba haraka.

"Mimi sinunui ng'ombe aliyeliliwa msiba," akasema, akaenda zake.

Sikuamini sauti ile imetoka kwangu.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka ndama malishoni, nikapita kando ya mashamba ya pamba nikiwaamkia wale mama wote, kwa sauti, mpaka yule wa mbali kabisa akaitikia.