Kioo Kilichozidi Kushoto

Mke wangu alishuka kwenye pikipiki yangu pale Mkiwa, akafungua mkanda wa helmeti, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba safari iliyobaki ataimalizia kwa basi. Upole wake ndio ulionitisha. Mwanamke huyu akigomba, mambo huisha kabla chai haijapoa. Akiwa mpole, ujue ameshaamua.

Tulikuwa tunatoka harusini Manyoni, tunarudi nyumbani Singida mjini. Dakika chache kabla, tairi la lori lilikuwa limerusha jiwe, likapiga kioo cha mbele cha pikipiki katikati kabisa. Nusu ya kioo iliruka, nusu ikabaki imening'inia kwenye skrubu. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa kilomita zile chache zilizofuata upepo ulitupiga utakavyo, na mke wangu aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu na vumbi limemchora mistari mashavuni.

"Kuanzia leo," alisema, "Shelui nitakwenda kwa basi, na Issuna nitakwenda kwa basi. Wewe na dume lako mtanikuta huko."

Lazima nieleze kuhusu hilo dume. Nilikuwa bwana mifugo. Miaka yangu ya kazi niliimaliza kwenye pikipiki za serikali zilizochoka kuliko mimi, nikizunguka vijijini kuchanja ng'ombe. Nilipostaafu, mzungu mmoja aliyekuwa anarejea kwao aliniuzia pikipiki yake ya safari: silinda mbili, masanduku ubavuni, kiti kirefu, kioo cha mbele. Mke wangu aliizunguka, akaligonga tangi kwa kidole, akasema huyu ni ng'ombe dume. Jina likakaa. Tukapanga kwamba uzee wetu tutaumalizia barabarani: mwezi huu kwetu Shelui kumwona mama yangu, mwezi ujao kwao Issuna kuwaona kaka zake. Yeye ni Mnyaturu, mimi Mnyiramba, kwa hiyo kila upande tukifika hakosekani wa kututania. Tulifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na mimi niliifurahia mipango hiyo kama mtoto. Ndiyo maana maneno yake ya Mkiwa yalinikata maini.

Nilijaribu kwenda Shelui kila mtu na usafiri wake. Nilifika nikamkuta ameshakaa jikoni na mama, wanachambua mboga na kucheka. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama kama mtu aliyevunja chungu.

"Siku hizi kila mmoja na njia yake?" aliniuliza.

Nikamwambia kioo kimevunjika. Alinyanyua nyusi, akarudi kwenye mboga zake.

Chakula kilipoletwa, firigisi ilikwenda kwenye sahani ya mke wangu. Hapo napo pana maelezo. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Marehemu baba aliila maisha yake yote, na alipotutoka nilitegemea, bila kusema, kwamba sasa zamu ni yangu. Haikuwa hivyo. Tangu tulipoanza kwenda kwa pikipiki, mama alimpakulia mke wangu, tena bila kunitazama. Mimi nililichukulia kama pendo la mama mkwe, nikajivuna nalo kwa wenzangu. Ni wanaume wangapi wana mama na mke wanaopatana hivyo? Hata hivyo nakiri kwamba kila mara nilifuata ile firigisi kwa macho mpaka inapotua.

Basi nikaanza kutafuta kioo. Pikipiki ya namna hiyo haina vipuri Singida, kwa hiyo nilipiga simu Arusha, nikapiga Dar es Salaam, nikatumiwa picha mpaka simu ikawa haipokei tena. Kulikuwa na kirefu cheupe kilichokwishatumika, chenye mikwaruzo. Kulikuwa na kifupi cha kijanja ambacho kingefaa mtu wa mashindano. Na kulikuwa na cheusi kidogo, chenye mbavu zilizopinda kwa ustadi, ambacho kilikuwa kinafanana na dume langu hasa. Moyo wangu ukaenda kwa hicho.

Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kanuni: ukikaa kwenye kiti, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa pua, utazame juu yake, na upepo utapita juu ya kichwa chako. Nikamwomba mke wangu achukue futi yake ya kushonea anipime, kuanzia kwenye kiti mpaka puani. Akanipima, huku nimekaa wima juu ya pikipiki uani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Na pua yangu mimi?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba abiria hujificha nyuma ya dereva. Nililijibu hilo haraka, kwa uhakika, kama nilivyokuwa nikiwajibu wafugaji kuhusu kupe.

Kioo cheusi kilikuja kwa basi, kimefungwa kwenye blanketi. Nilikifunga mwenyewe, nikarudi nyuma hatua tano, nikakitazama, nikaenda mbele, nikakitazama tena. Kilipendeza. Vijana wa bodaboda pale kijiweni walipiga miluzi. Jumamosi iliyofuata mke wangu alikubali kukijaribu, twende Issuna. Alivaa kitenge kipya, akapanda.

Tulipofika Puma alinigonga begani. Nilisimama. Macho mekundu, mistari ile ile ya vumbi mashavuni.

"Mzee, kioo ni kizuri sana," alisema. "Nisimamishie basi."

Nilikasirika. Namkasirikia mtu kwa shida, lakini siku hiyo nilimkasirikia muuzaji, na upepo wa Singida, na kidogo, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mke wangu. Nilishamnunulia helmeti ya kufunika uso, akasema inamziba pumzi. Nilishamnunulia miwani ya vumbi, akaivaa mara moja akasema inamwonyesha kama chura. Nilifikiri labda hataki tu, na kioo kimekuwa kisingizio.

Nikiwa na hasira hizo nilikwenda kwa fundi mmoja wa mabango hapa mjini, rika langu, mtu wa maneno machache, anayekata ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga wanayowekea mabango ya maduka. Nilitaka aniongezee kipande cha juu. Alizunguka pikipiki mara mbili.

"Shemeji anakaaje?" aliuliza mwishowe.

"Anakaa upande."

"Wewe umewahi kukaa upande?"

Sikuwa nimewahi. Mwanaume gani anakaa upande? Mke wangu anakaa hivyo kwa sababu tunakokwenda ni ukweni kwake au kwa kaka zake, na huko mwanamke wa heshima hafiki amepanua miguu juu ya pikipiki, kitenge kimepanda magotini, mama mkwe amesimama mlangoni anatazama. Anaweka miguu yote kushoto, anashika kiti, basi. Hatukuwahi hata kulizungumza. Lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni.

"Panda," fundi alisema, akachukua ufunguo wangu.

Nilipanda nyuma, upande, magoti pamoja. Alinipeleka barabara ya Manyoni, tena alipita katikati ya mji, nadhani kwa makusudi. Kijiweni walisimama wote. "Bibi harusi anapelekwa wapi?" mmoja alipaza sauti, na wengine wakavunjika mbavu. Nikatazama mbele nisione mtu.

Lakini tulipotoka mjini na kuongeza mwendo, nilisahau kuona haya. Ukikaa upande, hujifichi nyuma ya dereva hata kidogo. Uso wako unatokeza kando ya bega lake la kushoto, na kiti cha nyuma kiko juu zaidi, na upepo wote ambao kioo kimeukata kwa ajili yake kinakuja kuumwaga hapo hapo ulipo wewe. Masikio yalinguruma. Kitambaa cha suruali kilipigwa magotini kama bendera. Machozi yalinitoka bila ruhusa yangu. Nilimgonga fundi begani asimame, kama mke wangu alivyonigonga mimi, na yeye hakusikia, kama mimi nilivyokuwa sisikii mara nyingi.

Alipogeuza na kusimama uani kwake, nilijifuta uso kwa leso, ikatoka nyekundu ya vumbi. Niliona aibu ya kweli. Si ya vijiweni. Miaka kadhaa nimempeleka mwanamke huyu Shelui na Issuna hivi, nikiwa mbele, nimetulia, naimba ndani ya helmeti.

Kesho yake nilimleta mke wangu mwenyewe. Fundi alimkalisha kwenye pikipiki jinsi anavyokaa, kitenge na yote, akaweka boksi lililokatwa mahali pa kioo, akachukua kalamu ya wino mzito akaweka alama ya pua yake. Halafu alama ya magoti. Niliona midomo ya mke wangu inacheza akipimwa.

Kazi ilikuwa ya siku mbili. Alipasha plastiki moto, akaikunja polepole kwenye bomba. Upande wa kulia ulibaki wa kawaida, usawa wa pua yangu. Upande wa kushoto ulipanda juu na kutanuka nje kama sikio la ng'ombe, na chini yake ukaongezwa ulimi wa kukinga magoti. Niliuangalia nikatamani kutoa machozi. Nilimwomba atanue na upande wa kulia basi, angalau vilingane. Alikataa. Kioo kipana pande zote, alisema, upepo wa Singida utakishika na kukutupa shambani. Chagua: uzuri, au shemeji.

Nilichagua, ingawa si kwa haraka ninavyosimulia hapa. Kile cheusi bado nimekiweka chini ya kitanda, ndani ya blanketi lake.

Vijiweni walipata kazi mpya. "Mzee, dume lako limevimba shavu," waliniambia. "Lipeleke likang'olewe jino." Mke wangu alikuwa tayari amekaa nyuma, na ndiye aliyewajibu: "Afadhali livimbe shavu lake kuliko langu."

Tukashika njia ya Shelui. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea: mke wangu akaanza kuongea, na mimi nikawa namsikia. Alianzia mjini na hakunyamaza. Alieleza alizeti ya nani imestawi na ya nani imekonda. Alinionyesha mti ambao kila mara hupenda kuutazama, na mimi nilikuwa nimeupita miaka yote bila kuuona. Pale Misigiri alinituma nisimame anunue karanga, kisha akawa ananilisha moja moja kutokea nyuma. Tuliteremka Sekenke taratibu, bonde lote limelala mbele yetu, na nilijisikia mtu mwenye bahati kuliko ninavyostahili.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuitazama pikipiki wala shavu lake. Alimwendea mkwe wake, akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, huku na huku.

"Leo hajalia," alisema.

Sikuelewa mpaka chakula kilipokuja. Mama alipakua kwa kituo, kama mtu anayesoma hukumu, na firigisi ikatua kwenye sahani yangu. Niliitazama. Nilimtazama mama.

"Kula, mwanangu," alisema. "Mwanaume akibadilika, tunaona. Miaka yote hiyo unaniletea mtoto wa watu macho mekundu, mmegombana njia nzima. Nilikuwa namwombea. Na wewe nilikuwa nakuombea."

Nilifungua mdomo kumweleza kuhusu upepo, na bega la kushoto, na kukaa upande. Chini ya meza mke wangu alinikanyaga mguu kwa nguvu. Nikafunga mdomo, nikala firigisi. Ilikuwa tamu kuliko nilivyodhani.

Tuliporudi, tulipoanza kupanda Sekenke, nilimuuliza kama alikuwa anajua mama anachofikiri.

"Tangu mwaka wa kwanza," alijibu nyuma ya bega langu. "Aliniuliza, nikamwambia ni upepo. Hakuniamini. Nikaona nisibishane na mama mkwe." "Halafu firigisi ni tamu."

Nilicheka mpaka dume likayumba. Alicheka naye, akanishika kiuno. Tulipomaliza kucheka nikamuuliza, kwa mzaha tu, jambo la kupitisha njia:

"Mama watoto, kwani siku zote ulikuwa ni upepo?"

Zamani swali kama hilo lingepeperuka kabla halijamfikia, na jibu lisingenifikia mimi. Sasa nilisikia hata anavyovuta pumzi. Tulipita kona ya kwanza, na ya pili. Tulifika juu, barabara ikanyooka.

"Siku nyingi," alisema.

Nilipunguza mwendo, malori yakatupita. Singida ilikuwa bado mbali, na mimi sikuwa na haraka yoyote.

"Nisimulie hizo nyingine," nikamwambia.

Akasogea karibu na sikio langu, nyuma ya kioo chake, akaanza.