Siku Gredi ya Pili Ilipoimbia Kichuguu

Nilipewa somo la muziki kwa sababu ya andazi. Mkutano wa walimu ulikuwa umefika pale pa kugawana masomo, mwalimu mkuu akauliza ni nani atafundisha muziki Gredi ya Pili, na kila mwalimu akainamia kikombe chake cha chai kana kwamba ameona nzi ndani. Mimi kipande cha andazi kikanipalia. Nikakohoa.

"Besi nzuri hiyo," mwalimu mkuu akasema. "Muziki umepata mwenyewe."

Shule yetu iko nje kidogo ya Malaba, karibu na barabara ambako malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Vyombo vya muziki hatukuwa navyo. Ngoma moja iliyokuwepo ilikuwa imetoboka, na kuku wa mpishi alikuwa akitagia humo. Siku nilipojaribu kumtoa alinidonoa kidole, nikamwachia. Sauti ya kuanzia nyimbo tuliipata barabarani: lori likipiga honi, tunaidaka sauti hiyo hiyo na kuanza kuimba.

Tulichokuwa nacho ni sanduku la vitabu vya picha, zawadi kutoka ng'ambo, vyote vya majira ya mwaka. Kimoja cha theluji, kingine cha majani yanayopukutika, kingine cha maua. Nikajiambia, hapa kuna muziki: nitawasomea ukurasa, tuutafutie sauti yake, na kitabu kikiisha tutakuwa na wimbo mzima. Nikaanza na theluji. Kwenye jalada kulikuwa na mtu mweupe, mnene, amesimama nje ya nyumba, ana karoti mahali pa pua.

Darasa liliinuka kumtazama vizuri.

"Mwalimu, huyo anasaga unga poshomili," akasema msichana mmoja wa dawati la mbele. Alikuwa na sauti ya mtu anayeita mbuzi aliye ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimemfanya kiongozi wa nyimbo ili sauti ile ipate kazi.

"Si unga huo. Ametengenezwa kwa theluji. Theluji ni kama barafu ya friji, lakini inaanguka kutoka juu."

"Kwani juu kuna friji?"

"Hakuna friji. Ni baridi tu."

"Na karoti?"

"Hiyo ni pua."

"Sasa akipata mafua?"

Nikakimbilia kwenye muziki. Nikawaeleza kwamba theluji huanguka kimya, kwa hiyo tutaimba kwa kunong'ona. Mstari wa kwanza walinong'ona vizuri. Kufika wa pili walikuwa wakipaza sauti na kugonga madawati, kwa maana kwao kitu kikitoka mbinguni hutua kwenye mabati, na mabati hayajui kunong'ona.

"Mwalimu, kitu kinakuja kimyakimya hivyo ni mwizi," kiongozi wangu wa nyimbo akanishauri.

Kesho yake, kabla ya kengele, mama yake akafika shuleni. Aliuza mitumba sokoni, na alikuja na haraka ya mtu aliyeacha nguo zake bila mlinzi.

"Mwalimu, umefundisha mtoto wangu nini?"

"Muziki, mama."

"Muziki gani wa unga? Jana natoka soko nakuta amejimwagia unga wote wa muhogo, kichwa mpaka miguu. Amesimama nje, mikono hivi." Akatanua mikono kama msalaba. "Namwambia aingie ndani, moto umewaka, anakataa. Ati akikaribia jiko atayeyuka!"

"Pole sana, mama."

"Na karoti hatukuwa nayo, kwa hivyo amejifunga ndizi puani na kamba. Ndizi ya wageni."

Niliuma midomo, nikatazama dari.

"Usicheke, mwalimu."

"Sicheki, mama. Sasa aliingiaje ndani?"

"Mvua ilikuja," akasema. "Akakuwa uji."

Hapo alicheka yeye mwenyewe, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akakumbuka amekasirika, akaondoka.

Niliamua theluji ibaki na wenyewe. Nikanunua karatasi za manila na krayoni, nikatengeneza kitabu changu cha picha cha majira ninayoyajua: mvua za kwanza, wakati kumbikumbi wanapotoka. Kila ukurasa niliupa sauti. Kwenye mawingu tutavuma midomo ikiwa imefungwa. Kwenye matone tutagonga kidole kiganjani. Mvua yenyewe ni vijiti juu ya majerikeni, na kumbikumbi wakiruka tutatikisa chupa zenye maharagwe ndani. Shida ilikuwa michoro. Mimi ni mtoto wa Sio Port, kando ya ziwa, na mkono wangu umezoea kuchora samaki.

"Mwalimu," wakauliza, "hizi omena zimeota mabawa?"

"Ni kumbikumbi."

"Ziko na mkia."

"Imbeni."

Waliimba. Walikipenda kitabu kile kuliko vyote vya sandukuni, labda kwa sababu kilichekesha mahali ambapo sikukusudia. Tulikirudia mpaka kurasa zikaanza kulegea. Ndipo kiongozi wa nyimbo akainua mkono.

"Mwalimu, kwa nini tunapigia wa karatasi na wa ukweli wako pale?"

Alikuwa anaonyesha kichuguu kilichoko nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Pande zetu hata mtoto mdogo anajua kwamba ukigonga vijiti juu ya kichuguu, kumbikumbi hudhani ni mvua, wakatoka. Lakini mwalimu mkuu alikuwa mtu asiyevumilia kelele. Aliwahi kutoka shuleni, akiwa na tai shingoni, kwenda kwa jirani kulalamika juu ya jogoo. Nikawaambia tutaenda, ila tutagonga taratibu, na ni mazoezi tu.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na mchana jua likawaka. Tulikizunguka kichuguu na majerikeni na chupa zetu. Nilishika kitabu juu ili wote waone, nikafungua ukurasa wa mawingu, wakavuma. Nikafungua wa matone. Nikafungua wa mvua, vijiti vikaanza, na msichana wangu akatunga wimbo papo hapo:

"Tokeni, tokeni, mvua imefika! Tokeni, tokeni, msisahau mabawa!"

Hakukuwa na taratibu tena. Na kabla sijafika ukurasa wa kuruka, kichuguu kikafungua milango, kumbikumbi wakaanza kumiminika. Sikuamini. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijawahi kuona mfano unaotii somo kiasi kile.

Mwalimu mkuu akatokea. Vijiti vikanyamaza.

"Mwalimu! Hii ni nini?"

Nilifungua kinywa kujibu, lakini kumbikumbi mmoja akatua kwenye tai yake. Mwalimu mkuu alimtazama. Akamshika taratibu, akayapuliza mabawa, akamtia kinywani, akafumba macho kidogo kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Nani amewaambia mnyamaze?" akauliza kwa sauti ya chini.

Vijiti vikarudi. Alipiga magoti, suruali ya pasi ikaingia kwenye tope, akageuza kofia yake ikawa bakuli.

"Hawa watoto wako wanaharakisha," akaniambia. "Mvua hainyeshi hivyo. Polepole! Wewe wa jerikeni, punguza! Sasa pamoja... hapo, hapo!"

Alininyang'anya kijiti akaongoza kwaya yangu. Watoto ambao sikuwahi kuwafanya washike mapigo kwa ubeti mzima, yeye walimshikia bila kuteleza, kwa sababu sasa mapigo yalikuwa na faida. Halafu kikundi changu cha chupa kikamwaga maharagwe yote chini ili kipate mahali pa kuweka kumbikumbi. Madarasa mengine yakatoka kuja kuona. Hata yule kuku aliacha ngoma. Wimbo ulififia mwishoni kwa sababu ya kawaida kabisa: kwaya haiwezi kuimba huku inatafuna.

Asubuhi iliyofuata nilimwona mama muuza mitumba akiingia getini, nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ameleta chupa nzima. Tumekaanga, tumekula na ugali. Hiyo muziki mnafanya tena lini?"

"Wiki ijayo, mama, Mungu akipenda."

"Basi niwekee mimi chupa."

Tangu hapo somo langu limepata heshima. Juzi nilikuwa ubaoni, nimeandika hesabu za kutoa, mwalimu mkuu akachungulia dirishani, mikono mgongoni.

"Mwalimu, naona kumenyesha na jua limetoka. Leo mna muziki?"

"Leo ni hesabu, mwalimu mkuu."

Alitazama ubao, akatazama mbingu, akatazama ubao tena.

"Hesabu," akasema, "iko hata kesho."