Muhuri wa Mama Kabula

Nakumbuka asubuhi moja ya katikati ya Februari, nina miaka ishirini na minane, nimesimama ofisini kwa Mama Kabula na barua ya kuacha kazi mkononi. Barua yenyewe nilikuwa nimeiandika jana yake, lakini tarehe niliyoweka ilikuwa ya Januari. Usinicheke mapema mwanangu, ngoja nimalize.

Nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya kimataifa hapa Mwanza. Shule nyingine ya Arusha ilikuwa imeniahidi kazi kuanzia Agosti, ila walitaka barua ya mkuu wangu kuthibitisha kwamba naondoka kwa utaratibu. Mkataba wetu ulisema anayetaka kuondoka mwisho wa mwaka wa masomo atoe notisi kabla Januari haijaisha. Niliisoma sehemu hiyo nikaipuuza. Kaka zangu wa kiwandani walitoa notisi ya mwezi mmoja na kuaga, kwa nini mimi nitoe ya miezi sita? Tena niliogopa kwamba nikisema mapema wataanza kunitazama kwa jicho baya. Kwa hiyo kwenye fomu ya Januari ya kuuliza nani anabaki mwaka ujao, niliandika kwamba nabaki.

Mama Kabula alikuwa katibu muhtasi wa shule, mwenyeji wa Magu, mpole, na kila barua ilipita chini ya muhuri wake. Mpango wangu ulikuwa ionekane kwamba barua ililala kwenye trei yake. Naona aibu mpaka leo kulisema hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Hii barua ya lini?"

"Ya mwezi uliopita. Nadhani ilisahaulika."

"Ilisahaulika na nani?"

Akanirudishia barua, akashusha sauti ili wa chumba cha pili wasisikie.

"Muhuri wangu unagonga tarehe ya leo tu. Mwalimu, wenzako wa kemia wanatafutwa Januari, sasa hivi wameshasaini kwingine. Agosti hao watoto wako wa mtihani nikawafundishe mimi? Nenda kwa mkuu ukaseme ukweli. Barua hii mimi sijaiona."

Nilikwenda. Mkuu alinisikiliza, akasema hatanifunga kamba, niamue mwenyewe, ila mwalimu wa kushika darasa langu hana. Nilirudi maabara nikaziangalia zile meza, nikalia. Nilikuwa naitaka Arusha kuliko kitu chochote. Mchana nikawapigia simu, nikawaambia nilichelewa kutoa notisi kwa kosa langu, nina darasa la mtihani, mwaka huo siji.

Basi niache nijisifu kidogo, umri umeniruhusu. Darasa lile lilifaulu lote. Mmoja wao ndiye daktari anayenipima presha, na kila mara ananigombeza kuhusu chumvi. Mwaka uliofuata, siku ya kwanza shule kufunguliwa Januari, barua yangu ilikuwa ya kwanza mezani. Mama Kabula aliigonga muhuri kwa nguvu, akasema, "Leo tarehe zimepatana." Arusha walinichukua. Mkuu wa kule aliniambia alikuwa hajasahau mwalimu aliyeikataa kazi yake kwa ajili ya darasa.

Baadaye nilirudi Mwanza nikawa mkuu wa shule ileile. Barua za walimu zilinifikia kila Januari, na hakuna hata mmoja aliyeniambia mapema nikamnunia. Mama Kabula alipostaafu nilisimama kwenye sherehe yake nikasimulia kisa hiki chote mbele ya watu. Akanitazama, uso mkavu kabisa.

"Barua ipi, mwalimu? Mimi sikuona barua yoyote."

Ukumbi ulicheka.

Kwa hiyo mwanangu, ukitaka kuondoka, sema mapema, wakati anayebaki bado ana nafasi ya kumpata mwingine. Andika tarehe ya siku uliyoandika. Na ukikosea, usimtafutie kosa lako mtu wa kulibeba. Mungu akujalie uondoke kila mahali ukiwa umeaga, na siku ukirudi umkute mlangoni mtu anayefurahi kukuona.