Mbwa Wangu, Viatu vya Watu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, hasa nyinyi mnaopiga picha na watoto wa mbwa halafu jioni hamjui wamekula nini, kaeni chini niwaambie. Mimi nimepita miaka sabini, nimezaa saba, nimezika mume, na huku kwetu Kapseret hakuna mtu alikuwa amewahi kunicheka mbele ya uso wangu mpaka ile siku wageni walikuja kumwulizia mjukuu wangu Jerono. Siku hiyo niliaibika mpaka masikio yakawa moto. Nasema wazi, niliaibika. Lakini msinionee huruma, kwa maana natembea kichwa kikiwa juu, na sababu mtaiona.

Tuanze na mbwa. Bosi aliletwa nyumbani na Chebet, dada mdogo wa Jerono, msichana wa miaka kumi na mmoja, alimtoa kwa rafiki yake wa shule akamficha ndani ya sweta. Nilikataa. Nilisema mbwa ni wa nje, mbwa halali jikoni, mbwa hapewi jina la mtu (alikuwa anataka kumwita Kevin, na Kevin ni mtoto wa katekista wetu). Tukamwita Bosi kwa sababu hata akiwa mdogo alikuwa anatembea shambani polepole, anasimama, anatazama, kama mtu aliyetumwa kukagua. Baada ya wiki mbili alikuwa analala jikoni karibu na moto, na ni mimi nilimtandikia gunia. Msiniulize.

Sasa, mimi nina magoti mabaya na huku asubuhi baridi inauma. Tena kwangu hakuna mtu anaingia na viatu, awe nani. Tope letu mnalijua, na sakafu yangu ni ya simiti nyekundu, naipaka nta kila Jumamosi kwa mikono yangu. Viatu vyote vinabaki veranda. Kwa hivyo kila asubuhi nikitaka kwenda kukamua ilikuwa lazima nishike ukuta, niiname, nitafute gambuti zangu za mpira kati ya viatu vya watu wote. Chebet aliona hiyo shida, akaanza kumfundisha Bosi na vipande vya ugali. Wiki moja tu! Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nasema, "Bosi, viatu!" na Bosi anatoka mbio, analeta gambuti ya kwanza, anaiweka miguuni, anarudi kuleta ya pili. Nina watoto waliochukua miaka kumi kujifunza kufunga lango, na huyu mbwa alijifunza kazi ya maana kwa wiki. Nilijivuna, sikatai. Nilimwonyesha mtu wa kinu cha kusaga posho, nikamwonyesha mchungaji, nikamwonyesha daktari wa ng'ombe (yeye akaniuliza kama amechanjwa, nikamwambia tutaona).

Kila mtu alikuwa anamfurahia Bosi. Chebet anacheza naye, mimi namtuma, mwanangu Kimutai, baba yao, anamsifu huko madukani kama ni yeye alimzaa. Lakini kumfunga mchana tukienda shambani? Chebet alifikiri ni Kimutai, Kimutai akafikiri ni mimi, na mimi nilifikiri mbwa mwenye akili kama huyo hahitaji kamba.

Wakati huo huo viatu vilianza kupotea huku kwetu. Si jozi, kimoja kimoja. Watu wakasema ni vijana wa bangi, lakini kijana wa bangi anafanya nini na kiatu cha mguu mmoja? Jirani yangu Mama Kiprop alipoteza kile chekundu chake cha kanisani, cha kifungo cha dhahabu, akaja na malalamiko yake mpaka mahali tunapopeleka maziwa asubuhi. Mbele ya watu wote akasema, "Mimi sisemi ni nani, lakini alama za miguu zimepita ua kuelekea kwa Mama Kimutai."

Mama Kimutai ndiye mimi. Nikaweka mkebe wangu chini, nikamwambia, "Kwangu hakuna mwizi. Hakujawahi kuwa. Kiatu chako kitafute chini ya kitanda chako, kuna giza huko na hupafagii."

Watu walicheka. Mama Kiprop hakucheka. Hatukusalimiana tena karibu mwezi mzima.

Halafu ikafika siku ya Jerono. Nyinyi wa siku hizi mnaweza kuwa hamjui, kwa hivyo nieleze. Kwetu, siku ya kwanza ya kuulizia msichana watu hawataji ng'ombe wa mahari. Wanauliza ukoo, halafu wanauliza nyumba: kuna mchawi? Kuna mtu alimwaga damu? Kuna mwizi? Wakisikia kuna mwizi hawagombani na wewe, wanamaliza maziwa, wanasema asante, na hamwaoni tena. Na Jerono alimpenda huyo kijana aliyetaka kumwoa, nilijua kwa sababu alikuwa ameanza kuamka kabla yangu. Mwalimu kama yeye, msichana safi, na mambo yake yote yalikuwa mikononi mwangu kwa saa mbili au tatu.

Asubuhi Chebet aliniuliza, "Kogo," (ndivyo tunavyoita nyanya) "nimfunge Bosi nyuma ya ghala?"

Hapo ndipo niliharibu. Ningesema ndiyo, leo singekuwa na hadithi. Nikasema, "Wacha akae hapa. Wacha waone nyumba ambayo hata mbwa ana adabu."

Walikuja saba, wametoka upande wa Moiben, wakiongozwa na Mzee Kirwa, mjomba wa kijana, mrefu, na koti lake na kofia yake na viatu vyeusi vilivyong'aa mpaka nikaona mawingu ndani yake. Na nyanya wa kijana alikuwepo, mwanamke mdogo mkavu ambaye hakusema kitu ila macho yake yalihesabu vikombe vyangu vyote. Nikawaambia, "Karibuni, viatu hapo." Mzee Kirwa alinitazama kidogo, akavua. Jikoni kina mama wa jirani walikuwa wanapika, na niseme ukweli wake, Mama Kiprop alikuja pia kupika, bila kuitwa, bila kunisalimia, na kisu chake mwenyewe. Kwetu siku ya wageni ugomvi unawekwa kando.

Tukanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, tukaulizana ukoo, hakukuwa na tatizo. Mzee Kirwa akakohoa, akauliza lile swali. "Mama, kuna kitu chochote majirani wanalalamika juu ya nyumba hii?"

Nikasema, "Hakuna. Kutoka nilipoolewa hapa, hata sindano ya mtu haijawahi kuonekana kwangu."

"Vizuri," akasema. "Basi hebu tunyooshe miguu, tuone ng'ombe."

Na mimi, badala ya kuamka tu kama watu, nikaona hapa ndipo pa kumaliza kazi. Nikakaa wima, nikasema kwa sauti, "Bosi, viatu!"

Bosi akaleta gambuti ya kulia. Akaleta ya kushoto. Jamani, mngesikia hao wageni! Mzee Kirwa alipiga goti lake. "Ai! Huyu mbwa amesoma mpaka wapi?"

"Alifundishwa na huyu mtoto," nikasema, nikamwonyesha Chebet mlangoni. Moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

"Mwambie tena."

Sasa nyinyi fikirieni, gambuti zangu zote mbili ziko miguuni, mbwa ataleta nini tena? Lakini mtu akisifiwa hafikirii. Nikasema, "Bosi, viatu!" Bosi akanitazama, akatazama gambuti, akainamisha kichwa kama anafanya hesabu, halafu akatoka mbio, na safari hii hakuishia veranda, alipita moja kwa moja mpaka ghala la mahindi, ambalo kama mnavyojua linainuliwa na nguzo, na chini yake kuna nafasi ambayo mtu mzima hawezi kuingia.

Akarudi na patipati ya bluu, ya kuendea bafuni. Wageni wakacheka. Mimi pia nikacheka, ingawa sikuijua hiyo patipati.

Hakungoja kutumwa. Akaleta kiatu cha shule cha mtoto. Akaleta sandak ya plastiki. Akaleta raba ya mkimbiaji, na kuna wakimbiaji wengi barabara yetu. Nikasema, "Bosi, basi," akaona ninamhimiza. Kila akiweka kimoja anatingisha mkia na kunitazama, na kila kimoja ni cha mguu mmoja, na wageni sasa hawacheki, na yule nyanya wa kijana ameacha kuhesabu vikombe anahesabu viatu.

Cha saba kilikuwa chekundu, cha kifungo cha dhahabu.

"Kogo," Jerono akasema akikusanya vikombe (mdomo wa mwalimu hauna lango), "hicho si cha Mama Kiprop?"

Na wakati huo huo Mama Kiprop akaingia na sufuria ya nyama. Alisimama. Alitazama kiatu, akanitazama mimi, na mvuke wa nyama unapanda usoni mwake.

"Nilitafuta chini ya kitanda kama ulivyoniambia," akasema polepole. "Nimefagia mara mbili."

Mzee Kirwa alikuwa amegeuza uso dirishani, na hiyo kwetu ni mbaya kuliko kugombezwa. Ndipo Kimutai, mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, akasimama akasema, "Wazee, msituelewe vibaya. Hii mbwa hata si yetu. Ni ya kupita tu."

Ya kupita! Na Bosi ndiye huyo, amechoka na kazi, amekuja kuweka kidevu chake juu ya gambuti yangu. Nikamtazama Chebet mlangoni. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, machozi yanashuka, na hakuwa anamtazama baba yake, alikuwa ananitazama mimi. Ningenyamaza tu, yale maneno yangepita. Wangemfukuza mbwa kwa fimbo, Jerono angeolewa, na huyo mtoto angejua maisha yake yote kwamba kwetu kitu kinaitwa chetu kikituletea sifa, kikileta aibu kinakuwa cha kupita.

"Kimutai, kaa chini," nikasema. "Mzee Kirwa, mbwa ni wangu. Amekula kwangu, analala kwangu, nimemsifu kwa kila mtu. Viatu si vyangu. Uliniuliza kama majirani wanalalamika nikasema hapana, na nilijua Mama Kiprop amelalamika. Nilimtukana mbele ya watu." Nikageuka kwake. Hii sentensi sijaisema mara nyingi, na ilitoka ikinikwaruza. "Mama Kiprop, nilikukosea."

Mama Kiprop aliweka sufuria mezani. Mabega yake yakaanza kutingika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, alicheka mpaka akashika meza. "Mama Kimutai ameomba msamaha! Wangapi wamesikia? Nataka mashahidi!"

Basi nyumba yote ikapasuka. Yule nyanya wa kijana, aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, akajifuta macho na kona ya leso, akasema, "Mbwa wetu anakula mayai. Tena ya jirani. Leo tulikubaliana njiani tusitaje."

"Mama!" Mzee Kirwa akasema.

"Nini? Huyu mwenzetu amesema ukweli wake, sisi tuketi hapa kama malaika?" Akanigeukia. "Msichana wenu tunamtaka. Nyumba inayojua kukubali makosa sijaona nyingi."

Mzee Kirwa akakubali, lakini akauliza kwa heshima kama anaweza kuona viatu vyake kwanza. Kimoja kilikuwepo. Cha pili Chebet aliingia akakitoa chini ya ghala, kimelowa mate lakini kizima, na alienda kuona ng'ombe akiwa na gambuti za marehemu mume wangu, na zilimtosha.

Wageni wakaenda jioni. Kesho yake niliosha viatu vyote, kumi na moja, nikavitia kwenye gunia, nikatembea nyumba kwa nyumba mimi na Chebet, na Bosi akiwa kwenye kamba. Kila lango nilisema maneno yale yale: mbwa wangu alichukua hiki, nisamehe. Watu walicheka sana. Wengine mpaka leo wananiita Mama Viatu, na naitika. Nitaitikaje kwa aibu, na mimi nina mbwa ambaye hakuna mwingine kama yeye kutoka hapa mpaka mjini, na mtoto aliyemfundisha kwa ugali na subira, na mjukuu anayeolewa Desemba? Lakini kujisifu mbele ya wageni na mnyama ambaye sijui mchana anashinda wapi, hilo sitarudia.

Jioni ya siku hiyo ya kurudisha viatu niliwaita wote jikoni, Kimutai, Jerono na Chebet, Bosi akiwa kwenye gunia lake. Sikupandisha sauti. Nikasema: "Chebet, chakula chake na maji ni wewe, kabla wewe mwenyewe hujala. Kimutai, wewe ni kumfunga mkitoka, na Jumamosi unampeleka chanjo, kwa mkono wako, si kutuma mtu. Na kutoka leo, mtu yeyote akisimama kwa lango aulize huyu mbwa ni wa nani, hakuna kutazama mabati ya paa kujifanya hamjui. Mnasema ni wetu, halafu mnauliza amefanya nini."